Maniema Iliyo Ng'ambo ya Ziwa

Walitoka Nyangwe, Kasongo na Kabambare, wakatawanyika Ujiji, Buyenzi na Kariakoo. Zaidi ya karne moja imepita na bado wanajiita Wamanyema. Kindu ina la kujifunza kwao, na ina deni kwao.

KATIKATI ya Kariakoo, Dar es Salaam, upo msikiti unaoitwa Msikiti wa Manyema. Kutoka hapo hadi bandari ya Kindu, mji wetu wa Maniema huko Kongo, ni zaidi ya kilomita 1,500 kwa mstari ulionyooka, na kwa njia ya kweli, ya reli, ziwa na reli tena, ni mbali kuliko hapo. Kariakoo haina Lualaba. Haina mitumbwi ya kuvusha watu kutoka Kasuku kwenda Alunguli. Hata hivyo jina la nchi yetu limekaa katika jiji la watu wengine kwa vizazi vingi, na wenye kulibeba hawajalitupa.

Siku hizi anayezungumzia watu waliolinda utamaduni wao uhamishoni hutaja Watibeti, na ana sababu. Tangu Dalai Lama alipokimbilia India mwaka 1959, watu wake wamefanya kazi ambayo ulimwengu unaistahi. Lakini sisi wa Maniema tunacho kisa chetu, kikongwe kuliko chao kwa miaka zaidi ya 60, na hatukisimulii. Watoto wetu wanamaliza shule ya sekondari hapa Kindu bila kujua kwamba kuna Wamanyema waliozaliwa Kigoma, Tabora, Bujumbura na Dar es Salaam, ambao mababu zao waliondoka kwenye kingo za mto huuhuu.

Makala haya ni juu yao: jinsi walivyoondoka, walichokishika, walichokipoteza, na kwa nini habari yao inatuhusu leo, wakati Wakongo wengine wengi wanalelewa kambini ng'ambo ya ziwa lilelile, Tanganyika.

Njia ya pembe

Kisa kinaanzia Nyangwe, kusini mwa Kindu, ukingoni mwa Lualaba. Katika miaka ya 1860 wafanyabiashara wa Kiarabu na wa Kiswahili waliotoka Unguja na pwani ya bara walikifanya kijiji hicho kituo chao cha mbali kabisa upande wa magharibi. Kabambare na Kasongo nazo zikawa miji ya biashara. Walikuja kutafuta pembe za ndovu, na pembe hazitembei zenyewe. Zilihitaji mabega ya watu, na mabega hayo yalipatikana kwa kununua, kwa kuteka na kwa kulazimisha. Njia ilitoka Nyangwe ikapita Kabambare hadi Ziwa Tanganyika, ikavuka hadi Ujiji, ikaendelea Tabora, ikaishia Bagamoyo, na mbele ya Bagamoyo kulikuwa na bahari na Unguja.

David Livingstone alifika Nyangwe mwezi Machi 1871. Tarehe 15 Julai mwaka huo, siku ya soko, aliwaona watu wa misafara wakiwamiminia risasi wauzaji na wanunuzi, wengi wao wanawake waliokuja na mizigo yao kutoka vijiji vya kandokando ya mto. Mamia walikufa, wengine kwa risasi na wengine kwa kuzama walipojitupa Lualaba. Alichokiandika kuhusu siku hiyo kilisomwa Uingereza na kikaongeza shinikizo lililofunga soko la watumwa la Unguja mwaka 1873. Hapa kwetu, Nyangwe haina budi kukumbukwa kwanza kwa ajili ya wanawake hao.

Hamed bin Muhammed el Murjebi, yule tunayemwita Tippu Tip, alifanya Kasongo kuwa makao yake makuu. Chini yake na wenzake, Maniema ilipata mashamba makubwa ya mpunga, ikapata Uislamu, ikapata Kiswahili. Hapo ndipo ulipo uzito wa historia yetu. Walioleta minyororo ndio walioleta wali tunaokula Kindu na lugha ninayoiandika sasa. Hatuwezi kukubali kimoja tukajifanya hatukioni kingine.

Watu walioondoka hawakuwa wa aina moja. Wapo waliofungwa kamba na kuuzwa. Wapo waliokuwa wapagazi wa kulipwa, wapo waliobeba bunduki za mabwana zao, wapo wanawake waliochukuliwa kuwa masuria na wapo waliofuata waume. Wengine walianza safari wakiwa watumwa na kuimaliza wakiwa waungwana wenye watumwa wao. Ilipofika miaka ya 1880, watu wa Maniema walikuwa sehemu kubwa ya mji wa Ujiji.

Vita vya 1892 na waliovuka

Kisha vikaja vita. Dola Huru ya Kongo, mali ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, ilikuwa imempa Tippu Tip ugavana wa Stanley Falls mwaka 1887, lakini urafiki huo ulikuwa wa muda. Tippu Tip aliondoka kurudi Unguja, na mwaka 1892 mapigano yakaanza kati ya majeshi ya Dola Huru na mabwana wa misafara, mwanawe Sefu akiwa mmoja wao. Nyangwe ilianguka tarehe 4 Machi 1893. Kasongo ilianguka tarehe 22 Aprili mwaka huohuo. Rumaliza, bwana mkubwa wa Ujiji aliyekuwa bado akipigana magharibi ya ziwa, alishindwa Januari 1894 akavuka kwenda upande wa Wajerumani.

Vitabu vya Ubelgiji viliviita vita hivyo vita vya kuwakomboa watumwa. Waliotangulia kulipa gharama walikuwa watu wa kawaida. Miji ilichomwa, mashamba yakaachwa, na nyuma ya mabwana walioshindwa zikavuka familia za wafuasi, wake, watumishi na mafundi. Mabwana wana historia zao zilizoandikwa, na Tippu Tip alisimulia maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili. Hawa wengine hakuna aliyewaandika majina. Ndio waliokuwa wakimbizi kwa maana kamili tunayoijua leo: walivuka kwa sababu nyuma yao kulikuwa na moto.

Walikovuka walikuta ndugu zao waliotangulia kwa njia ya pembe. Ujiji ukawa mji wao wa pili. Wajerumani walipoweka kituo cha kijeshi Usumbura, ndiyo Bujumbura ya leo, mwaka 1897, watu wa Maniema walikuwa miongoni mwa Waswahili waliojenga mji huo, ambao wazao wao leo wako Buyenzi, mtaa wa Bujumbura unaojulikana kwa Kiswahili chake na misikiti yake. Wengine walikaa Tabora. Na mwaka 1914, reli iliyotoka Dar es Salaam ilipofika Kigoma, safari iliyokuwa ikimla mpagazi miezi mingi ikawa ya siku chache. Ndipo Kariakoo ikawa karibu.

Kabila lililoundwa ugenini

Hapa nyumbani huwezi kumpata mtu ambaye kabila lake ni Mmanyema. Tuna Wakusu, Wazimba, Wabangubangu, Wasongola, Walega, Wangengele, Wakumu, Wabuyu, Wagenia. Kila mmoja ana lugha yake, ana wazee wake, ana mipaka yake, na mara nyingine ana ugomvi wake na jirani. Maniema ni nchi tunayoishi.

Ng'ambo ya ziwa mambo yalikuwa tofauti. Watu waliotoka katika makabila hayo yote, pamoja na majirani zao Watetela, Wasongye na watu wa kando ya ziwa, walijikuta katika mji mmoja, wakiwa na hadhi moja ya chini machoni pa wenyeji, na wakiitwa kwa jina moja. Jina hilo halikuwa la heshima. Wasafiri wa Ulaya na watu wa misafara walikuwa wameeneza habari za kutisha juu ya watu wa Maniema, kwamba wanakula watu. Kuitwa Mmanyema Ujiji au pwani katika miaka hiyo kulikuwa ni kuambiwa kwamba umetoka gizani na kwamba bibi yako alinunuliwa.

Walikuwa na njia rahisi ya kutoka. Wangeweza kulikana jina, wakajiita Waswahili, na watoto wao wakayeyuka mjini. Wapo waliofanya hivyo, na hatuna haki ya kuwalaumu. Lakini wengi walilishika jina, wakaliweka juu ya vyama vyao na juu ya msikiti wao. Baadaye hata timu ya mpira ya Dar es Salaam ikaitwa Manyema Rangers. Tusi likageuzwa ukoo.

Ukoo huo ulikuwa mpana kuliko ule wa nyumbani. Mkusu na Mbangubangu ambao wangepigania msitu huku kwetu walizikana kule kama ndugu. Huo ni umoja ambao sisi tuliobaki, pamoja na mkoa tuliopewa mwaka 1988 Maniema ilipotengwa na Kivu, bado tunahangaika kuupata. Nasema hivi kwa uchungu wa mtu anayeipenda nchi yake: waliong'olewa walitutangulia kuwa watu wamoja.

Kazi waliyoifanya wanawake

Utamaduni hauhifadhiwi na jina peke yake. Lazima ukae katika kazi fulani inayofanywa tena na tena, na lazima awepo mtu anayeifundisha. Kwa Wamanyema mtu huyo, mara nyingi, alikuwa mwanamke.

Mtafiti Sheryl McCurdy alichunguza vyama vya wanawake wa Kimanyema wa Kigoma na Ujiji tangu miaka ya 1850 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Vyama hivyo vilishughulika na uzazi na tiba: mwanamke asiyeshika mimba, anayepoteza watoto, aliyepandwa na mizimu. Msomaji wa haraka ataona ni mambo ya uganga. Ukitulia utaona ndiyo ilikuwa serikali ya watu wasio na serikali.

Mfikirie msichana aliyechukuliwa kando ya Lualaba akiwa na miaka 12. Amefika Ujiji hana mama, hana shangazi, hana nyanya wa kumfundisha. Akizaa hakuna wa kumpokelea mtoto kwa desturi ya kwao. Akikosa kuzaa hana ukoo nyuma yake wala mbele yake, maana ukoo wake wa kwanza umebaki ng'ambo na wa pili haujazaliwa. Mwanamke huyo alihitaji watu wa kusimama naye kama mama na mashangazi wangesimama. Chama kilimpa watu hao. Kilimpa ngoma za kwao, dawa za kwao, na mizimu ya kwao ambayo ilivuka ziwa pamoja naye. Mtoto alipozaliwa, alizaliwa Mmanyema, kwa sababu waliomzunguka mama yake siku hiyo walikuwa Wamanyema.

McCurdy amekwenda mbali zaidi. Katika makala aliyoyachapisha mwaka 2006 aliwahusisha wanawake wa Kimanyema na kuzaliwa kwa kanga pwani kati ya miaka ya 1880 na 1900. Wakati huo mtumwa alikatazwa mavazi ya kiungwana, na nguo ya kuchagua mwenyewe, yenye rangi na nakshi, ilikuwa tangazo kwamba aliyeivaa anajimiliki. Leo kanga inauzwa Kindu, Kigoma, Muscat na London, na hakuna anayemkumbuka mwanamke wa Maniema katika hadithi yake. Sisi angalau tunapaswa kumkumbuka.

Jiko nalo lilikuwa mikononi mwao. Akikaribishwa sombe iliyoungwa kwa mawese Kigoma au Buyenzi, mkazi wa Kindu hahitaji maelezo. Ni chakula cha nyumbani, kwa jina la nyumbani, na kilidumu kwa sababu kila siku kuna aliyekitwanga.

Lugha hazikudumu hivyo. Kikusu, Kizimba, Kibangubangu na nyinginezo zilififia kizazi baada ya kizazi hadi Kiswahili kikabaki lugha ya mama. Si ajabu. Watu wa lugha nyingi walikuwa wamefanywa ukoo mmoja, na hakuna lugha moja ya nyumbani ambayo ingewafaa wote. Lakini hasara hiyo ni ya kweli na isifichwe kwa maneno matamu. Lugha inapokufa zinakufa nayo hadithi na majina ya miti ya msituni. Hilo ndilo Wamanyema walilolipa, na hawakurudishiwa.

Kilichorudi nyumbani

Tumezoea kudhani kwamba nchi ya asili ndiyo inayotoa na uhamisho ndio unaopokea. Kisa cha Maniema kinaonyesha kwamba mkondo huo unaweza kurudi nyuma.

Baada ya vita vya 1892 hadi 1894, Uislamu wa Kasongo, Nyangwe na Kindu ulibaki yatima. Serikali ya kikoloni ya Ubelgiji iliutazama kwa wasiwasi, ikawapa wamisionari Wakatoliki nafasi, ikabana madrasa, walimu na vitabu vilivyotoka nje. Ng'ambo ya ziwa hali ilikuwa nafuu. Tarika ya Qadiriyya, iliyoenezwa pwani na wanafunzi wa Sheikh Uways wa Barawa aliyeuawa mwaka 1909, ilikuwa imeshika mizizi Ujiji, na Wamanyema walikuwa miongoni mwa wafuasi wake. Katika miaka ya 1920 tarika hiyo ilivuka ziwa kuja magharibi, ikaingia Maniema kwa njia ya wafanyabiashara, wasafiri na watu wa ukoo. Wabelgiji wakawaita wafuasi wake Muridi, wakawafuatilia na kuwabana. Hawakuwamaliza.

Fikiria maana yake. Wajukuu wa watu waliotolewa Maniema wakiwa na kamba shingoni walirudi wakiwa walimu, wakaleta dhikri na elimu ambayo nyumbani ilikuwa ikizimwa. Leo Maniema ina sehemu kubwa ya Waislamu kuliko mkoa mwingine wowote wa Kongo, na sehemu ya sababu iko Ujiji.

Njia zilizowawezesha kurudi zilijengwa na wakoloni kwa ajili ya shaba, bati na pamba. Reli ilitoka Kindu, wakati huo ikiitwa Kindu-Port-Empain, hadi Kongolo na Kabalo, kisha Kalemie. Meli zikavusha hadi Kigoma, na kutoka Kigoma reli ya kati ikashuka hadi Dar es Salaam. Kwa mkataba wa mwaka 1921 Ubelgiji ilikodishiwa eneo lake katika bandari zote mbili, Kigoma na Dar es Salaam, lililojulikana kama Belbase. Mizigo ya Kongo ilipita hapo, na pamoja na mizigo zilipita barua, posa na taarifa za misiba.

Wageni waliojenga nchi ya wenyeji

Wapo wanaohofu kwamba mtu akilinda asili yake hawezi kuipenda nchi iliyompokea. Dar es Salaam ya miaka ya 1930 inawajibu. Mzee bin Sudi, Mmanyema wa Kariakoo, aliongoza African Association, chama kilichoundwa mwaka 1929, na pia Al-Jamiatul Islamiyya, iliyosomesha watoto wa Kiislamu wakati shule nyingi zilikuwa za misheni. African Association ndiyo iliyokua ikawa TAA (Tanganyika African Association), na TAA ndiyo iliyozaa TANU tarehe 7 Julai 1954. Kwa hiyo katika mizizi ya uhuru wa Tanganyika kuna mkono wa mtu ambaye asili yake ni ng'ambo ya ziwa. Hakuwa Mtanganyika kasoro kwa kuwa Mmanyema. Alikuwa na ukumbi wa kuanzia, na kutoka ukumbi huo akawaita wengine.

Katika Kariakoo hiyohiyo, mtaa uliokuwa na makao makuu ya TANU leo unaitwa Mtaa wa Lumumba. Jina hilo nalo limevuka ziwa: Patrice Lumumba alikuwa Mtetela wa Katako-Kombe, jirani na nchi yetu.

Watibeti walivyofanya

Nimetaja Watibeti mwanzoni, na inafaa kuwatazama kwa makini, kwa sababu walichagua njia nyingine.

Dalai Lama alitoka Lhasa Machi 1959. Makumi ya maelfu walimfuata India, Nepal na Bhutan. Katika mwaka huohuo, wakiwa bado katika mahema, walianzisha taasisi ya kulinda ngoma na tamthilia zao. Mwaka 1960 walifungua kijiji cha watoto Dharamsala chini ya Tsering Dolma, dada yake Dalai Lama, ambacho baadaye kilizaa shule nyingi. Mwaka 1961 walisimamisha upya chuo chao cha tiba ya jadi, na mwaka 1970 wakajenga maktaba ya maandiko yaliyookolewa. Huko Karnataka, kusini mwa India, walipewa ardhi Bylakuppe na Mundgod, wakalima mahindi, na wakajenga tena monasteri za Sera, Drepung na Ganden kwa majina yaleyale ya Tibet. Wengi wamekaa zaidi ya miaka 60 bila kuchukua uraia wa India, kwa kuwa wanaamini watarudi.

Wamanyema hawakuwa na Dalai Lama. Hawakuwa na nchi moja ya kudai, maandiko ya kuokoa, wala mfadhili wa nje. Waligeuka raia wa walikofika. Kipimo cha Watibeti ni kurudi. Kipimo cha Wamanyema kilikuwa kudumu.

Hata hivyo pande zote mbili zinakubaliana katika jambo moja, na ndilo linalofaa kukaririwa: utamaduni uhamishoni hudumu pale watu wanapoujengea mahali. Shule, msikiti, monasteri, chama cha wanawake, kikundi cha ngoma. Mapenzi ya moyoni hayatoshi, kwa sababu moyo wa mzazi haurithiwi na mtoto kama nyumba inavyorithiwa. Na kinachokosa mahali hupotea, hata kikipendwa. Watibeti walijenga shule wakaokoa lugha. Wamanyema hawakujenga shule za lugha zao, na lugha zikapotea.

Nyarugusu na maswali ya leo

Safari za kuvuka hazikuisha mwaka 1894. Julai 1964 Kindu iliangukia mikononi mwa waasi wa Simba, na katika machafuko ya miaka hiyo watu walikimbilia Kigoma. Vita vya 1996 viliwasukuma wengine. Oktoba 1998 Kindu ilitekwa tena, na vijiji vya Kabambare na vya jirani zetu wa Fizi vikawa mapito ya majeshi.

Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, mkoa wa Kigoma, ilifunguliwa mwaka 1996. Lugufu ilifuata mwaka 1997, ikafungwa mwaka 2009. Wakongo wengi wa kambi hizo wametoka Kivu Kusini, nchi inayopakana na Kabambare yetu. Wapo watu wazima wenye watoto ambao hawajawahi kuiona Kongo. Kuanzia mwaka 2015 maelfu yao wamehamishiwa Marekani, na safari yao imekuwa ndefu mara mbili.

Walio kambini nao wamejenga mahali pao. Kwa miaka mingi watoto wa Kikongo wa Nyarugusu walisoma mtaala wa Kongo kwa Kifaransa, wakitayarishwa kwa mitihani ya nchi ambayo wengi hawakuwahi kuikanyaga. Kwaya zao zinajulikana. Huko Malawi, katika kambi ya Dzaleka iliyowahi kuwa gereza la wafungwa wa kisiasa, mshairi Mkongo anayeitwa Menes La Plume alianzisha Tamasha la Tumaini mwaka 2014, na Wamalawi wamekuwa wakienda kambini kwa hiari yao kusikiliza muziki. Mkimbizi amekuwa mwenyeji, ana wageni wa kuwapokea.

Swali gumu ni la lugha. Mtoto wa Nyarugusu anakipata Kiswahili bila taabu, kwa kuwa kimeenea kambini na nje ya kambi. Kifaransa alifundishwa. Kibembe au Kibangubangu cha bibi yake hakina darasa. Historia ya Wamanyema imekwisha kutuonyesha mwisho wa njia hiyo. Mzazi aliye kambini, anayesoma haya kwenye simu, asingoje mradi. Saa moja ya jioni, bibi na wajukuu, kila siku, ni shule tayari. Simu hiyohiyo inaweza kurekodi hadithi, methali na majina ya jamaa waliobaki, na rekodi hizo zikatunzwa na watu zaidi ya mmoja.

Deni la Kindu

Na sisi tuliobaki?

Katiba yetu, kifungu cha 10, inasema uraia wa Kongo ni mmoja na haushirikiani na mwingine. Wamanyema wa Tanzania na Burundi hawauombi. Wana nchi zao. Lakini undugu hauhitaji paspoti, na kuna mambo ambayo Kindu inaweza kuyafanya bila kubadilisha sheria yoyote.

Kwanza, historia hii iingie madarasani. Mwanafunzi wa Kasuku, Mikelenge na Alunguli ajue Nyangwe 1871 na Kasongo 1893, na ajue pia Ujiji, Buyenzi na Kariakoo, kama sura za historia moja.

Pili, chuo kikuu chetu kishirikiane na vyuo vya Tanzania na Burundi kukusanya kumbukumbu za wazee pande zote mbili. Katika muongo uliopita wanaakiolojia wakiongozwa na Noemie Arazi wamechimba Kasongo-Tongoni, mahali palipokuwa mji wa Tippu Tip, na kusikiliza simulizi za wenyeji. Kazi imeanzishwa, isiachwe mikononi mwa wageni peke yao. Kuna ukoo wa Ujiji ambao bado unakumbuka jina la kijiji walikotoka, na kuna kijiji cha Maniema ambacho bado kinakumbuka jina la aliyechukuliwa. Majina hayo mawili hayajakutanishwa, na kila mzee anayezikwa anapunguza nafasi ya kukutana kwao.

Tatu, njia ifunguliwe. Treni ya Kindu inayokuja mara chache na meli za ziwa zinazosubiri ukarabati ni jambo la uchumi, ndiyo, lakini pia ndizo zilizokuwa zikibeba posa, tarika na habari. Reli iliyokufa inakata ukoo kama vita vinavyoukata.

Nne, na hili halina gharama: tuwaite. Kindu inaposherehekea jambo la Maniema, mwaliko uende Kigoma, Bujumbura na Dar es Salaam. Wapo watu kule wanaolibeba jina letu kila siku, na hatujawahi kuwaandikia barua.

Wamanyema wa ng'ambo walitupwa ugenini bila mali, bila maandiko, wakiwa na jina la kuchekwa. Walilifanya kuwa jina la undugu, wakaturudishia dini iliyokuwa ikizimwa, wakasaidia kuwajengea wenyeji wao taifa. Mtoto wa Kindu na mtoto wa Nyarugusu wote wawili wanahitaji kuambiwa hivyo: wa Kindu ili ajue kwamba nchi yake ni kubwa kuliko ramani yake, na wa Nyarugusu ili ajue kwamba waliovuka ziwa kabla yake hawakupotea, kwa sababu walikaa chini wakajenga. Kuwaambia ni wajibu wetu, na tuanze sasa, wakati wazee wanaokumbuka bado wako hai.